Deni la siri hulipwa kwa deni jingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watu waliooana, hasa wale ambao mmoja wao anadaiwa na mwenzake hana habari. Kwa miaka mingi nilitunza hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, na tangu nistaafu nimeendelea kuitwa na majirani pamoja na washarika wenzangu kuketi na wanandoa ambao madeni yamewafikisha pabaya. Yale niliyoyaona yamenifikisha kwenye msimamo ambao ningependa usomwe na wengi kabla mwaka haujaisha: deni lililofichwa ndani ya ndoa haliwezi kulipwa likiwa bado limefichwa. Wengi hulitazama jambo hili kama suala la uaminifu peke yake, na kweli ni suala la uaminifu, lakini kabla ya hapo ni suala la hesabu.

Mume na mke wanaoishi pamoja wana kapu moja la matumizi hata kama kila mmoja ana mfuko wake. Humo ndimo inamotoka kodi ya nyumba au fedha ya ujenzi, chakula, umeme, nauli, mahitaji ya shule, sadaka, na michango ya harusi na misiba. Fedha ya kulipa deni nayo haina budi kutoka humo, kwa kuwa hakuna pengine pa kuitoa. Sasa anayeficha hawezi kusema mwezi huu tusinunue nyama, au tuahirishe kupaua mpaka mwakani, kwa sababu ataulizwa kulikoni, na jibu la swali hilo ndilo analolificha. Analazimika kuyaacha maisha ya nyumbani yaende kama yalivyokuwa yakienda, sherehe zichangiwe kwa viwango vilevile, watoto wavae vilevile, na marejesho yapatikane mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani anayepajua. Mahali hapo ni kwa mkopeshaji wa pili. Wa pili akianza kudai hutafutwa wa tatu, na ndiyo maana karibu kila mtu niliyeketi naye alikuwa na madeni matatu au zaidi, ingawa shida iliyomfanya akope ilikuwa moja tu.

Tuchukue hesabu ndogo ambayo kila msomaji anaweza kuifanya mwenyewe. Mtu amekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, kiwango ambacho wakopeshaji wa mitaani, wale ambao wananchi wameipa mikopo yao jina la kausha damu, hukitaja bila haya. Kila mwezi riba peke yake ni shilingi 90,000. Akishindwa kugusa fedha ya asili akawa analipa riba tu, mwaka ukiisha atakuwa ametoa shilingi 1,080,000 na bado anadaiwa 300,000 zilezile. Mkopo huohuo ukichukuliwa kwa mtoa huduma mwenye leseni ya daraja la pili, yaani mkopeshaji mdogo asiyepokea amana za watu, ambaye Benki Kuu imemwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba yake kwa mwezi haizidi shilingi 10,500, na kwa mwaka mzima haizidi 126,000. Tofauti hiyo ingetosha kuanzisha biashara ndogo. Lakini mtu hawezi kuhama kutoka kwenye mkopo mbaya kwenda kwenye mkopo wa afadhali akiwa peke yake na akiwa na siri, kwa sababu mikopo ya afadhali, ile ya benki na ya SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, huuliza habari za mwombaji, hutaka wadhamini, na mara nyingi hutaka mwenzi wake ajue na aweke sahihi. Mkopeshaji asiyeuliza chochote ndiye anayefaa kwa mwenye siri, na ndiye huyo anayetoza zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya riba ile ni malipo ya kunyamaza.

Nitaeleza kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo ya kuwatambulisha wahusika. Mke alikuwa akiuza nguo za mitumba katika soko la Memorial, na mume alikuwa mpagazi wa wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Kazi ya mlima, kama tunavyojua sisi wenyeji, ina misimu yake. Kuna miezi ambayo mtu hapati nafasi ya kulala nyumbani kwa kubadilishana safari, na kuna wakati wa masika ambapo kazi huadimika. Wakati mmoja wa masika mke alikopa ili kuongeza mtaji, mtoto akaugua, sehemu kubwa ya fedha ile ikaishia hospitalini. Hakumwambia mume kwa sababu hakutaka kumwongezea mawazo wakati ambao hana kazi. Kazi iliporudi, mume alishuka mlimani kila mara na ujira wake pamoja na bakshishi, akanunua mabati, mbao na misumari ya nyumba yao, huku mke akipunguza chakula chake mwenyewe ili apate marejesho ya kila wiki, kisha akikopa kwenye kikundi kingine, kisha kwenye simu. Walipokuja kuketi pamoja na kuandika kila kitu, ilionekana kwamba fedha ya mabati peke yake ingelimaliza deni la kwanza kabla halijazaa mengine. Fedha ya kulipa ilikuwamo ndani ya nyumba ileile siku zote. Mume alilia kwa jambo hilo kuliko alivyokasirika, na aliyoyasema siku hiyo sikuyasahau: kwamba angejua, bati lingesubiri.

Kuna watakaosema kwamba siri za fedha ndizo desturi yetu. Huku Kilimanjaro, tangu kahawa ilipokuwa zao kubwa, fedha ya kahawa ilihesabiwa kuwa ya baba, na fedha ya ndizi na maziwa iliyopatikana sokoni ilikuwa ya mama, na kila upande ulijifunza kutouliza sana. Mpango huo ulikuwa na heshima yake, na sitaki kuudharau, kwa maana uliwapa mama zetu uhuru fulani. Lakini ulifaa wakati ambapo kila mmoja alikuwa na chanzo chake kinachojulikana na mikopo ilikuwa michache. Tena watu wa mkoa huuhuu ndio walioanzisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, na kwa miaka mingi wakulima wamekuwa wakiketi katika mikutano ya vyama vyao wakisomewa mapato, matumizi na madeni mbele ya wote, na kiongozi anayeficha hesabu huondolewa. Sioni kwa nini wananchi waliozoea kudai hesabu za ushirika wao waone ni utovu wa adabu kuulizana hesabu za nyumba.

Wapo pia wanawake watakaonikumbusha mafundisho ya jikoni na ya sendofu, kwamba mke mwenye busara huwa na akiba yake ambayo mume haijui. Sibishani nao kuhusu akiba. Mtu akiweka shilingi zake pembeni kwa siku ya dhiki hajamwondolea mwenzake kitu, na nimeona akiba hizo zikiokoa nyumba. Deni ni jambo la namna nyingine, kwa kuwa akiba hukaa mahali ilipowekwa, ilhali deni huingia mezani kila siku na kula na watoto. Mwenzi ambaye hakuulizwa wakati wa kukopa ndiye anayelala njaa, ndiye anayefungua mlango kwa wadai, na ndiye anayeona kochi na televisheni vikitolewa nje majirani wakitazama. Anayebeba mzigo ana haki ya kujua ni mzigo gani, awe mke au mume. Nasema hivyo kwa wanaume wenzake yule mpagazi pia, maana nimewaona wengi waliomficha mke mkopo wa mshahara, dhamana waliyoweka kwa ajili ya ndugu, mkataba wa bodaboda, au fedha iliyopotelea kwenye kubeti, na kisingizio chao kilikuwa kwamba mkuu wa nyumba haulizwi.

Zaidi ya hayo, siri ya namna hii sasa haidumu. Zamani mdai alikuja mwenyewe, na mtu aliweza kumpokea nje ya uzio akamtuliza. Leo mtu akikopa kwa programu ya simu huombwa namba za watu wa karibu, na baadhi ya programu huchukua majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Siku moja tu ya kuchelewa, ujumbe wa kumwita mwizi unamfikia mkwe, mwalimu wa mtoto, mchungaji na mwajiri. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni, ikawatahadharisha wananchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka Tume ambayo aliyedhalilishwa kwa njia hiyo anaweza kuipelekea malalamiko. Ni hatua njema. Hata hivyo, kwa mtu aliyeoa au kuolewa, malalamiko hayo huja baada ya mwenzake kuwa amekwisha kusoma habari za nyumba yake kwenye simu ya mtu mwingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika madeni haya anayeumbua hangoji hata kifo. Swali lililobaki kwa mwenye deni ni nani atamwambia mwenzake, yeye au wao, na nimeona tofauti kubwa sana kati ya ndoa ambayo habari iliingia kwa kinywa cha mhusika na ile ambayo iliingia kwa simu ya mdai.

Basi asemeje? Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba aseme kiasi chote kwa mara moja. Kabla ya kufungua mdomo, achukue daftari, aandike kila anayemdai, fedha aliyopokea mkononi, fedha anayotakiwa kurejesha, alichokwisha kulipa, siku ya rejesho linalofuata, alichoweka rehani, na nani alimdhamini. Aandike hata vile vidogo anavyoviona ni aibu, kama deni la dukani kwa Mangi, mchango wa kikundi aliochukua kwa dharura, na fedha ya shemeji. Kama kadi yake ya benki iko mikononi mwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri, jambo ambalo watumishi wengi wa umma hapa mkoani wanalifahamu, aliandike hilo pia, kwa sababu kadi hiyo inapaswa kurudi kwa mwenyewe haraka iwezekanavyo. Kazi hii huumiza, na wengi hugundua wakati wa kuandika kwamba hawakuwa wakijua jumla ya madeni yao wenyewe. Walikuwa wakijua tu nani anadai wiki hii.

Kishawishi kikubwa ni kutaja nusu. Mtu anadaiwa milioni nne, anataja milioni moja na nusu, akitumaini kupima hasira ya mwenzake kwanza. Naomba wanaofikiria njia hiyo waniamini: nusu ile nyingine huharibu kuliko deni lote. Mwenzi aliyeambiwa milioni moja na nusu hukasirika, hulala, huamka, huuza mbuzi au huchukua akiba yake ya miaka, hulipa, hujiona wameokoka. Halafu baada ya miezi miwili anakuja mdai mwingine. Kuanzia hapo haamini tena hesabu yoyote, hata ile ya kweli, na anayedaiwa hana tena neno la kujitetea. Ndoa nilizoziona zikivunjika kwa deni zilivunjika mara nyingi katika ufichuo wa pili. Ule wa kwanza zilikuwa zimeuvumilia.

Wakati wa kusema nao uchaguliwe. Isiwe usiku wa manane baada ya kilevi, isiwe mbele ya watoto, isiwe siku ambayo mwenzako anatoka msibani. Iwe saa ambayo wote wawili mna nafasi, na aliyeficha aanze kwa kusema jambo lenyewe bila kuzunguka, bila kuanza na makosa ya mwenzake ya miaka iliyopita. Sababu zipo, na nyingine ni nzito. Mwanamke aliyekopa kwa kuwa fedha ya matumizi iliyoachwa haikutosha unga hapaswi kubeba lawama peke yake. Lakini akianza na hilo, mazungumzo yatakuwa ya matumizi ya mwaka juzi na daftari halitafunguliwa.

Hapa lazima niseme jambo kwa wale wanaoishi na mtu anayepiga. Ushauri wangu wa kuketi wawili hauwahusu. Mtu ambaye ana sababu ya kuogopa mkono wa mwenzake asiseme akiwa peke yake naye ndani ya nyumba iliyofungwa. Amtafute kwanza mtu ambaye mwenzake anamheshimu, awe mchungaji, padri, shehe, mzazi wa ubatizo au mshenga wao, aseme mbele yake, na apange mahali pa kulala siku hiyo. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kupigwa kwa sababu ya deni ni kupigwa kama kupigwa kwingine kokote. Na yeyote ambaye madeni yamemfikisha mahali pa kuona afadhali asiwepo duniani, asingoje daftari wala saa nzuri. Amwambie mtu yeyote aliye karibu naye leo, na afike hospitali.

Sasa nimgeukie anayeambiwa, kwa maana yeye husahaulika katika mashauri haya, na ndiye anayeamua kama ukweli huo utasaidia au utaangamiza. Ana haki ya kukasirika. Amedanganywa, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba anapaswa kutabasamu. Ninachomwomba ni kwamba siku ya kwanza aulize maswali matatu tu, yaani ni kiasi gani, ni nani wanaodai, na rejesho la karibu ni lini. Swali la kwa nini lina siku yake, na lazima liulizwe, lakini likitangulia linageuka hukumu kabla ushahidi haujasomwa. Na nawasihi wasikimbilie kuitisha kikao cha ukoo wiki hiyohiyo. Mjomba na shangazi wakishajua, deni linaweza kulipwa likaisha, lakini maneno yake yatakuwepo katika kila kipaimara na kila msiba kwa miaka mingi. Kama wanahitaji mtu wa tatu, awe mmoja, mwenye kujua hesabu na kufunga kinywa.

Wakishaelewana kwamba hili sasa ni lao wote, hatua ya kwanza ni kusimamisha kukopa. Programu za mikopo zifutwe kwenye simu zote mbili, na pasiwepo mkopo mpya wa kulipia wa zamani isipokuwa ule ambao wote wawili wameuhesabu na kuona kweli unapunguza riba. SACCOS inaweza kusaidia hapo kwa mwanachama mwenye akiba. Nimeona pia watu waliopata mkopo mzuri wa kukusanya madeni, wakalipa matatu kati ya matano, wakaweka fedha iliyobaki kwenye biashara, na baada ya nusu mwaka wakawa na madeni matatu yenye sura mpya. Kisha waende kwa wadai pamoja, mume na mke, wakiwa na daftari. Mkopeshaji aliyezoea kumtisha mtu mmoja mwenye siri hubadilika sauti anapoona wawili wasio na cha kuficha. Waombe taarifa ya mkopo inayoonyesha fedha ya asili, riba na faini kila moja peke yake, waombe kupangiwa upya marejesho kwa kiasi wanachokiweza kweli, na makubaliano yaandikwe. Kila wanapolipa wachukue risiti, na deni likiisha wadai barua ya kumaliza deni pamoja na hati au kitu walichoweka rehani.

Nani alipwe kwanza? Mimi hushauri watangulize deni linalokua haraka zaidi, hata kama si kubwa zaidi, kwa sababu lile la asilimia 30 likiachwa mwezi mmoja linameza jasho la mwezi huo wote. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara wauache ujilipe, wakiangalia tu kwamba mtumishi anabakiwa na theluthi moja ya mshahara wake kama utaratibu wa utumishi unavyotaka. Ndugu na marafiki waambiwe ukweli na tarehe, maana ndugu huumizwa na kukwepwa kuliko kucheleweshewa. Kuhusu kikundi cha VICOBA, yaani kikundi cha mtaani cha kuweka na kukopa, nina maoni makali kidogo. Fedha ile ni ya kina mama wenzako wanaouza ndizi katika masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni, na kuidharau kwa sababu hawana wakili wala askari ni dhuluma.

Sheria nayo izingatiwe, kwa sababu wengi hulipa kwa hofu wasichopaswa kulipa, na wengine hupoteza wasichopaswa kupoteza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke uwezo sawa na mume wa kumiliki mali na kuingia mikataba, na kwa hiyo mkataba aliousaini mmoja kwa jina lake ni wake. Mwenzake hawi mdaiwa kwa kuwa tu ameoana naye, ingawa sheria hiyohiyo inatambua kwamba mke anaweza kukopa mahitaji ya lazima ya nyumba kwa dhamana ya mumewe. Aliyesaini kama mdhamini ni jambo jingine, na asome alichosaini. Nyumba ya familia ina ulinzi wake katika kifungu cha 59 cha sheria hiyo: mwanandoa mmoja hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Wapo watu waliokwenda kwa mkopeshaji na mke wa kukodi ili apatikane wa kuweka sahihi. Mwanandoa ambaye nyumba yake imewekwa rehani kwa njia hiyo asikae kimya akidhani mambo yamekwisha. Awaone wasaidizi wa kisheria mapema, kabla ya mnada kutangazwa. Na mkopeshaji hana haki ya kuingia ndani kwa watu akabeba kitanda na jiko kwa nguvu bila utaratibu wa sheria. Akija hivyo, aitwe mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, na wote wawili wawe na ujasiri wa kumwita kwa sababu hakuna tena kinachofichwa.

Kuhusu kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, nasema waziwazi kwamba kiwe kitu cha mwisho kabisa kuguswa, na kisiguswe na mtu mmoja. Nimeona kipande cha kihamba chenye migomba na makaburi ya wazee kikitolewa kwa deni ambalo lingemalizwa kwa kuuza pikipiki na kuacha sherehe moja.

Nimetaja sherehe, na ndiyo iliyonifanya niandike barua hii sasa badala ya kungoja Januari. Desemba inakaribia. Ndugu watapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kutakuwa na ng'ombe na mbuzi wa kuchinja, pombe ya mbege, harusi, vipaimara na kadi za michango mfululizo, na vikundi vingi vya kuweka na kukopa vitafanya mgao wa mwisho wa mwaka, ambapo anayedaiwa hukatwa mbele ya wenzake na kurudi nyumbani na mkono mtupu asioweza kuueleza. Wengi hukopa Desemba ili wasionekane wamepungukiwa, na Januari huwakuta na ada na mahitaji ya shule. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mume na mke wanaojua hesabu yao wanaweza kuamua pamoja kwamba mwaka huu tutachangia kidogo, au tutachangia misiba tu, na wakasimama bega kwa bega wakati kamati inanung'unika. Asiye na habari za deni ndiye anayeahidi laki mbili mbele ya kamati huku mwenzake akitazama chini.

Neno moja kuhusu miezi inayofuata baada ya ukweli kusemwa. Baadhi ya wenzi hutaka kumweka aliyekosa chini ya ulinzi wa kudumu, atoe mshahara wote, simu yake ikaguliwe kila jioni, apewe nauli kama mwanafunzi. Kwa muda mfupi, na kwa makubaliano, inaweza kufaa. Ikiendelea baada ya madeni kupungua huzaa siri mpya, kwa kuwa mtu mzima asiye na shilingi yake atatafuta shilingi gizani. Bora wakae na daftari siku moja kila mwezi, wote wawili wakitaja walichopata na walichotoa, yaani hata yule ambaye hakukopa.

Mwisho nina ombi kwa taasisi, nikianzia na nyumba za ibada, ambazo hapa kwetu zina mafundisho ya ndoa kabla ya kufunga. Wachumba huulizwa habari za ubatizo, za afya, na za watoto wa nje. Waulizwe pia wanadaiwa nini na nani, na waambiane hapo kabla kadi za harusi hazijachapwa. Kwa Halmashauri ya Manispaa ya Moshi na Jiji la Arusha, ombi langu ni kwamba maofisa maendeleo ya jamii wabandike katika kila ofisi ya kata na kila soko orodha ya wakopeshaji wenye leseni katika eneo hilo, pamoja na ukomo wa riba uliowekwa, kwa maandishi makubwa. Mama lishe wa soko la Kiboriloni hapa Moshi au la Kilombero kule Arusha hana muda wa kuitafuta orodha hiyo kwenye tovuti. Na kwako, Mhariri, naomba gazeti lako liichapishe orodha hiyo mara kwa mara, hasa kuanzia wiki hizi hadi shule zitakapofunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu wa chama cha akiba na mikopo,
Rau, Moshi.